Msasa na Mashine: Ladha Yetu katika Muziki wa Elektroniki

Miongoni mwa walimu wenzetu wapo wanaoshangaa kusikia kwamba mwalimu wa Kiswahili, mtu anayeshinda darasani akifundisha ngano, methali na tenzi, anaporudi nyumbani jioni huketi na kusikiliza muziki uliotengenezwa kwa mashine, muziki usio na ngozi ya ngoma wala uzi wa zeze. Baadhi yao hushangaa kwa kicheko, na wengine kwa shutuma. Wanaoshutumu husema mambo mawili. Kwanza, kwamba muziki huo hauna moyo kwa kuwa mashine haina moyo. Pili, kwamba usafi wake, yaani ule mng'aro wa sauti zinazotoka studio pasipo doa hata moja, ni dalili ya ubaridi, kwa maana msanii wa kweli huacha alama ya jasho lake katika kazi. Katika makala haya tunakusudia kuzijibu shutuma hizo. Lakini hatukusudii kujitetea tu. Tunakusudia pia kuipima ladha yetu wenyewe, maana ladha isiyopimwa haijawa uhakiki bado, ni ulafi.

Yafaa tuanze na neno. Tunapotaka kusema kwamba kazi ya sanaa imefanyiwa uangalifu hata ikawa haina kasoro, husema kwamba imepigwa msasa. Wanafunzi wetu wengi huufahamu msasa kuwa ni karatasi inayouzwa dukani pamoja na misumari. Kabla ya karatasi hiyo, msasa ulikuwa mti, na hata leo ni mti. Majani yake yana mkwaruzo kama ulimi wa paka, na maseremala wa zamani waliyatumia kulainishia mbao. Mambo mawili yafaa yaangaliwe hapa. La kwanza ni kwamba chombo cha kulainishia chenyewe si laini. La pili, ambalo ndilo kubwa, ni kwamba msasa hauongezi kitu juu ya ubao. Kazi yake ni kuondoa. Ukiisha kupitishwa, mishipa ya mti huonekana wazi kuliko ilivyoonekana mwanzo. Rangi ni kinyume chake: huongeza, na katika kuongeza hufunika. Meza iliyopigwa msasa na meza iliyopakwa rangi zote mbili hung'aa, na mtu aliye mbali aweza kudhani ni kitu kimoja. Fundi hadhani hivyo. Sisi nasi tunadai kwamba mhakiki wa muziki hapaswi kudhani hivyo.

Tuchukue mfano wa kwanza. Mwaka 1970, katika mji wa Düsseldorf, iliyokuwa Ujerumani Magharibi, vijana wawili, Ralf Hütter na Florian Schneider, walianzisha kundi la Kraftwerk, jina ambalo maana yake ni kituo cha kuzalisha umeme. Mwaka 1974 walitoa santuri iitwayo Autobahn, yaani barabara kuu ya magari. Wimbo wenye jina hilo hujaza upande mzima wa santuri, kwa dakika zaidi ya 22. Huanza kwa mlango wa gari kufungwa, injini kuwashwa na honi kupigwa. Kisha sauti ya mtu, iliyopitishwa katika chombo kiitwacho vokoda hata ikawa nusu ya mtu na nusu ya mtambo, hulitamka jina la barabara. Baada ya hapo ni safari. Magari hutupita kwa mvumo, yakija na kutokomea, lakini hayo si magari, ni sinthesaiza. Katikati ya safari hiyo husikika filimbi, filimbi hasa ya kupulizwa kwa pumzi, na mara hiyo ni kana kwamba mmoja wa abiria amefungua dirisha na hewa ya mashambani imeingia.

Tukiutazama wimbo huu kwa jicho la fani na maudhui, tutaona kwamba vitu hivyo viwili vimefungamana barabara. Maudhui yake ni safari ndefu katika njia iliyonyooka. Fani yake ni mrudio ulionyooka. Hakuna mpiga gitaa anayejitokeza mbele kuonyesha umahiri wa vidole vyake, wala mwimbaji anayelia ili sisi nasi tulie. Vitu hivyo vimeondolewa. Fundi mitambo aliyeshiriki katika kuirekodi kazi hiyo, Conny Plank, na wanamuziki wenyewe, wameipa kila sauti nafasi yake, hata sikio laweza kuizunguka sauti moja na kuitazama kila upande kabla ya kwenda kwenye nyingine. Huo ndio msasa. Asemaye kwamba hapo hapana hisia na atuambie ile furaha ya mtoto anayetazama nje ya dirisha la basi inatoka wapi, kama haitoki katika kutokuwa na la kufanya ila kutazama.

Shutuma ya moyo yafaa ijibiwe kwa mfano ulio karibu nasi. Mashine ya ngoma huhesabu, haikosei, na pigo la mwisho huja mahali palepale lilipokuja la kwanza. Ni kweli. Lakini mizani nayo ni hesabu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, alitunga kwa kuhesabu, na vina vyake vilikuja mahali pake kama mapigo ya mashine. Hatujapata kumsikia mwalimu akiwaambia wanafunzi wake kwamba, kwa kuwa Muyaka alihesabu, basi hakupenda wala hakukasirika. Tena tukumbuke kwamba katika mwaka uleule wa 1974 diwani ya Euphrase Kezilahabi iitwayo Kichomi ilichapishwa, na mabishano juu ya ushairi usiofuata vina na mizani yakapamba moto. Upande mmoja ulidai kwamba pasipo kipimo hapana shairi. Leo tunawasikia baadhi ya watetezi wa upande huohuo wakidai kwamba, katika muziki, penye kipimo hapana moyo. Twawaomba wachague moja.

Mfano wa pili unaingia ndani zaidi ya jambo hili. Mwaka 1977, katika mji wa Munich, mwimbaji wa Kimarekani Donna Summer, pamoja na watengenezaji Giorgio Moroder wa Italia na Pete Bellotte wa Uingereza, walirekodi wimbo uitwao I Feel Love. Ulikuwa wimbo wa mwisho katika santuri ambayo nyimbo zake ziliigiza mitindo ya miaka iliyopita, nao ulikusudiwa kuiwakilisha siku ya kesho. Kwa hiyo waliamua kuutengeneza kwa sinthesaiza kubwa ya Moog badala ya kuajiri kundi la wanamuziki. Mtu anayeusikia leo hudhani kwamba walibonyeza kitufe na mashine ikafanya kazi yote. Haikuwa hivyo. Mashine ile ilikuwa haikai katika sauti sawa kwa muda mrefu. Baada ya kipande kifupi ilianza kupotoka, ikabidi wasimame, wairekebishe na kuendelea, kipande baada ya kipande. Mkondo wa besi unaokimbia tangu mwanzo hata mwisho hupata kasi yake kutokana na mwangwi: kila noti hurudiwa mara moja baada ya kupigwa, moja ikielekea sikio hili na ya pili sikio lile. Na lile pigo zito la ngoma ya miguuni, ambalo kila mtu hulitaja kuwa ndilo moyo wa mashine, lilipigwa na mtu. Sinthesaiza haikuweza kutoa pigo la kuridhisha, ndipo mpiga ngoma Keith Forsey alipoketi akalipiga kwa mguu wake.

Tunayataja mambo haya kwa sababu yanaonyesha kwamba usafi wa wimbo huo ulitafutwa kwa kazi ngumu na kwa mikono ya watu. Mkwaruzo upo, lakini upo katika jani la msasa, haupo katika ubao. Lakini hoja yetu hasa iko kwenye sauti ya Donna Summer. Anaimba juu, karibu na kunong'ona, kwa maneno machache mno. Chini yake pamefagiliwa, hakuna tarumbeta wala kinanda cha kujaza mapengo, ni ule mkondo tu unaokimbia bila kupumzika. Kwa hiyo kila anapovuta pumzi tunamsikia. Katika muziki wenye vyombo 20 pumzi ile ingepotea. Hapa ndipo yanapojibiwa maneno ya wale wanaosema kwamba mng'aro huua utu: mahali palipofagiliwa ndipo unyayo wa mtu unapoonekana.

Wako watakaosema, sawa, lakini hayo ni mambo ya Düsseldorf na Munich, yanatuhusu nini sisi? Twawajibu kwa kuwapeleka Cairo. Huko, mwaka 1944, Mmisri Halim El-Dabh alichukua kinasa sauti cha waya, akaenda kurekodi ngoma ya wanawake ya kupunga pepo, ambayo kwao huitwa zaar. Kisha akaingia katika studio ya redio na kuzichuja zile sauti. Aliondoa sehemu za sauti za waimbaji, akaongeza na kupunguza mwangwi, hata kikabaki kitu ambacho ni kivuli cha ngoma ile. Pierre Schaeffer wa Paris, ambaye vitabu vingi humtaja kuwa mwanzilishi wa kutunga muziki kwa sauti zilizorekodiwa, alianza kazi zake hizo mwaka 1948. Msomaji ajihesabie mwenyewe. Si nia yetu kushindania kombe. Twataka kuonyesha tu kwamba, katika kazi ya zamani kabisa ya aina hii tunayoifahamu, Mwafrika alipiga msasa ngoma ya pepo, na pepo hakutoka. Yu bado ndani yake.

Sasa tugeuke tujipime wenyewe, maana tumeahidi. Mtu anayependa kazi zilizosafishwa ana hatari moja: huanza kupenda usafi wenyewe, akasahau kuuliza ni kitu gani kilichosafishwa. Hatari hiyo imewapata hata mabwana wa usafi. Mwaka 1991 Kraftwerk walitoa santuri iitwayo The Mix, ambamo nyimbo zao za zamani zilitengenezwa upya kwa vyombo vya kidijiti. Autobahn imo, imefupishwa chini ya nusu ya urefu wake. Sauti zote ni safi kuliko zilivyokuwa. Hata hivyo kila tunapoisikiliza tunahisi kwamba barabara ile imewekewa lami mpya na mashamba ya kandokando yake yameondolewa. Mwaka 1974 vyombo vilikuwa vikali, havitabiriki, na wapigaji walilazimika kuvibembeleza. Mwaka 1991 vyombo vilikuwa vimeshatii. Msasa ulikuwa umekwisha kazi yake zamani, na lililobaki lilikuwa kupaka rangi.

Mfano wa rangi ulioenea kuliko yote ni programu ya kunyoosha sauti za waimbaji iitwayo Auto-Tune, iliyoingia sokoni mwaka 1997. Hatuilaani. Mwaka 1998, katika wimbo wa Cher uitwao Believe, ilitumiwa waziwazi, kwa kuzidisha kusudi, hata sauti ikavunjika vipande kama mwanga katika chupa. Hiyo ni sanaa, kwa kuwa msikilizaji anaonyeshwa chombo na kualikwa akifurahie. Lakini nyimbo nyingi zinazotufikia redioni hapa mjini huitumia kwa siri, ili kuficha kwamba mwimbaji hakufanya mazoezi, na kwamba shairi halikutungwa bali limeokotwa. Nyimbo hizo hung'aa. Ukizikwangua kidogo kwa ukucha huoni mishipa ya mti, waona ubao wa makasha. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nasi tunaongeza kwamba siku hizi kibaya hujitembeza kikiwa kimepakwa rangi.

Kosa letu kubwa zaidi, hata hivyo, halikuwa kuipenda rangi. Lilikuwa kuudharau ubao ambao haukupitia mikononi mwa fundi tunayemjua. Hapa yatupasa kusimulia jambo dogo la darasani.

Katika mji wa Kinshasa, Mingiedi Mawangu, aliyefariki mwaka 2015, aliunda kundi liitwalo Konono No. 1. Yeye ni wa Bazombo, watu wa mpakani mwa Kongo na Angola, na chombo chake kilikuwa likembe, ambayo hapa Uganda twaifahamu kwa jina la kadongo. Sauti ya likembe ni ndogo, na Kinshasa ni mji wa makelele. Kwa hiyo Mawangu aliipa umeme. Alitumia sumaku kutoka katika vipuri vya magari mabovu kutengeneza vinasa sauti, na mikrofoni zao zilichongwa kwa mti. Vyombo hivyo vilipounganishwa na vipaza sauti, vikatoa kishindo kilichojaa mikwaruzo ambayo hapo mwanzo hakuna aliyeikusudia. Mwaka 2004 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa rekodi yao iitwayo Congotronics, iliyonaswa na Vincent Kenis, nayo ikapokelewa kwa shangwe na wapenzi wa muziki wa elektroniki wa Ulaya na Marekani.

Tulipousikia muziki huo mara ya kwanza tulisema, hii ni kazi isiyokwisha. Tukaupeleka darasani kwa nia ya kuwafundisha wanafunzi maana ya msasa kwa kulinganisha. Tuliwapigia kwanza Kraftwerk, kisha Konono, tukawataka waseme kwa Kiswahili fasihi ni upi umekamilika na kwa nini. Tulikuwa tumekwisha kuliandika jibu katika daftari letu la masomo. Msichana mmoja aliyeketi nyuma alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, ule wa kwanza tunausikiliza. Huu wa pili tumo ndani yake." Darasa likacheka, nasi tukacheka, tukaendelea na somo. Lakini maneno yale hayakutuacha.

Jioni hiyo tuliusikiliza muziki wa Konono tena, mara hii polepole. Tuligundua kwamba ulikuwa umepigwa msasa kama ule wa Düsseldorf, ila kwa jani la mti mwingine. Likembe tatu zinapokezana kwa namna ambayo hakuna noti inayoikanyaga nyingine. Ukiondoa moja, pengo linaonekana. Hicho ndicho kipimo cha kazi iliyokamilika. Unyofu ule umetokana na miaka mingi ya kupiga pamoja, mbele ya watu wanaocheza, ambao wakichoka huondoka. Mikwaruzo ya vipaza sauti ni mishipa ya mti wenyewe, na kama fundi angeiondoa angeuondoa mti. Sikio letu lilikuwa limezoea mng'aro wa aina moja, likadai kwamba kila kisichong'aa hivyo ni kichafu.

Jioni hiyohiyo, mezani, palikuwa na rundo la insha za darasa lile. Insha ya msichana yuleyule ilikuwa juu, tumekwisha kuisahihisha. Alikuwa ameandika, "Mvua ilitujia ikitembea juu ya mabati." Kila mtu anayeishi katika vilima vya Kampala anajua kwamba mvua huja hivyo: waisikia nyumba ya tano, ya tatu, ya pili, kisha kwako. Nasi kwa wino mwekundu tulikuwa tumeikata sentensi hiyo, na juu yake tumeandika, "Mvua kubwa ilinyesha." Sentensi yetu ni sanifu, haina kosa. Ilikuwa rangi, na tuliipaka juu ya mbao nzuri.

Hatusemi kwamba mwalimu aache kusahihisha. Kosa la upatanisho ni kosa, kama noti iliyopotoka ni noti iliyopotoka, na Moroder hakuona haya kusimamisha kazi na kuirekebisha mashine yake. Tunasema kwamba kila tunaposhika kalamu nyekundu tujiulize: je, tunaondoa kinachoufunika ubao, au tunaufunika? Swali hilohilo ndilo tunalolipendekeza kwa kila anayehukumu muziki, uwe wa mashine au wa ngozi.

Kuhusu ladha yetu, haijabadilika sana. Bado tunaupenda muziki uliofagiliwa, na bado Autobahn ndiyo santuri tunayoitafuta tunapochoka. Lakini sasa tunaweza kutoa sababu za kuipenda, na sababu hizo zimetulazimisha kuyapokea mambo ambayo zamani tuliyafungia mlango. Twawashauri walimu wenzetu wawape wanafunzi nafasi kama hiyo. Wengi wao hupenda singeli ya Dar es Salaam, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na ni kampuni ya hapahapa Kampala, Nyege Nyege Tapes, iliyotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017. Mwalimu anayeziba masikio hatajua kama huo ni msasa au ni rangi. Awaache wauchambue kwa Kiswahili chao, kisha adai sababu.

Nasi insha ile tuliirudisha kesho yake. Sentensi yetu tuliifuta, na pembeni ya yake tukaandika: "Iache."